Mkato unatetemeka, unaruka au unageuka kushoto: kutatua hitilafu za kuongoza ultrasaundi ya 3D kwa mkono

Mfumo unaomwezesha mtu kupekua ujazo wa ultrasaundi kwa kusogeza mkono hewani una pingili tatu. Ya kwanza ni kihisi kinachoufuatilia mkono: kamera ya infraredi, kamera ya kina (inayopima umbali), au kihisi cha mwendo kilichofungwa mkononi. Ya pili ni hesabu inayogeuza mwendo wa mkono kuwa mwendo wa bapa linalokata ujazo. Ya tatu ni picha yenyewe, yaani vokseli (vijichembe vya mchemraba vinavyounda ujazo), nafasi kati ya vokseli, na kadi ya michoro inayochora mkato, yaani picha ya bapa hilo, kwenye skrini. Kwa kuwa mkono ndio unaoonekana ukisogea, kila kasoro husukumiwa kihisi. Watu hubadilisha kamera, wakabadilisha tena, na kasoro ikabaki palepale, kwa sababu ilikuwa kwenye hesabu au kwenye ujazo tangu mwanzo.

Ondoa mkono kwanza

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, andika programu fupi inayoulisha mfumo nafasi za mkono wa kubuni: sekunde 5 za utulivu kamili, kisha mm 100 kuelekea kulia kwa kasi isiyobadilika, kisha mzunguko wa digrii 90 kwenye mhimili mmoja tu. Tazama mkato. Ukitetemeka, ukiruka au ukienda kombo hata kwa mkono huu usio na dosari, kihisi hakihusiki. Ukitulia na kwenda sawasawa, rudi kwenye kihisi.

Pili, hifadhi kwenye faili data ghafi ya mkono halisi pamoja na saa ya kila fremu. Faili moja ya sekunde 30 hukuwezesha kurudia hitilafu ileile mara mia huku ukibadilisha kitu kimoja kimoja. Bila faili hiyo kila jaribio ni mkono tofauti, na hutajua kama umerekebisha kitu au mkono wako umetulia zaidi tu safari hii.

Mkato unatetemeka ilhali mkono umetulia

Mkono wa mtu mzima mwenye afya hautulii kabisa. Una mtetemo wa kawaida wa takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Juu yake huongezeka kelele ya kihisi. Ili kutenganisha viwili hivyo, laza mkono juu ya kizuizi imara ndani ya eneo la kihisi, kiganja kikiwa kimeegemea, urekodi sekunde 10. Kama mtetemo karibu wote umetoweka, ulikuwa wa mkono. Kama umebaki uleule, ni kihisi. Mkono wa mbao au wa plastiki haufai kila mahali kwa jaribio hili, maana baadhi ya programu za kutambua mkono huukataa au huukisia vibaya.

Hata hivyo, mara nyingi chanzo kikubwa ni uwiano wa mwendo. Chukua ujazo wenye kina cha mm 120 uliogawanywa katika matabaka 256: tabaka moja lina unene wa mm 0.47. Ukiweka mm 1 ya mkono iwe mm 1 ya picha, mtetemo wa mm 1 hukurusha matabaka mawili mbele na nyuma, na hakuna jicho linaloweza kusoma mpaka wa kidonda hapo. Punguza uwiano hadi 0.25, yaani mm 4 za mkono kwa mm 1 ya picha. Mtetemo uleule sasa unasogeza robo milimita, nusu ya tabaka. Gharama yake ni kwamba kuvuka ujazo wote kunadai mkono usafiri mm 480, na kamera nyingi ndogo hazina nafasi hiyo.

Suluhisho ni uwiano unaofuata kasi. Anza na 0.25 mkono unapokwenda chini ya mm 20 kwa sekunde, 1.0 unapopita mm 150 kwa sekunde, na mpito laini katikati. Lakini jua unachopoteza: mkono ukienda haraka na kurudi polepole mahali pake pa awali, mkato haurudi mahali pake. Mtumiaji aliyezoea kukumbuka “ini liko hapa hewani” atachanganyikiwa. Kwake yeye ni afadhali uwiano wa kudumu pamoja na klachi, yaani pedali au ishara ya vidole: ikishikwa mkato hufuata mkono, ikiachiliwa mkato hubaki ulipo.

Baada ya uwiano ndipo kichujio kinapokuja. Kosa la kawaida ni wastani wa fremu nyingi. Wastani wa fremu 10 huchelewesha kwa fremu 4.5, na kwenye kamera ya fremu 30 kwa sekunde huo ni mchelewo wa milisekunde 150 ulioongeza kwa hiari yako. Kichujio cha 1€, kilichochapishwa mwaka 2012 na Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel, kinafaa zaidi kwa kazi hii: huchuja sana mkono unapokwenda polepole na hulegeza unapokimbia. Kina vigezo viwili vya msingi: masafa ya chini ya ukomo, yanayoamua uchujaji mkono ukienda polepole, na beta, inayoamua kinavyolegea kasi ikipanda. Vina utaratibu wake wa kupangwa. Weka beta iwe 0 na masafa ya chini ya ukomo yawe Hz 1. Shikilia mkono mahali pamoja au usogeze polepole sana, ushushe masafa hayo hadi mtetemo usionekane. Kisha sogeza mkono kwa kasi na upandishe beta kidogo kidogo hadi mkato uache kubaki nyuma. Usivipange vyote viwili kwa pamoja.

Kichujio hicho kinahitaji muda halisi kati ya fremu. Kama msimbo umeandikwa ukidhani fremu 60 kwa sekunde na kihisi kikashuka hadi 30 mwanga ulipopungua, uchujaji utabadilika bila mtu kugusa kitu. Ndiyo sababu mfumo “ulikuwa mzuri asubuhi”.

Mkato unaruka ghafla, kisha unaendelea vizuri

Kuruka si kutetemeka, na kichujio hakikuponyi. Kinaufanya mruko uwe mwendo wa kuteleza, nao ni mbaya zaidi kwa sababu unafanana na mwendo halali.

Angalia kwanza mzunguko. Kama mwelekeo wa mkono unawakilishwa kwa pembe tatu, mkato utachachamaa pembe ya kati inapokaribia digrii 90, na utaruka pembe yoyote inapovuka kutoka 180 kwenda −180. Hamia kwenye kwatenioni, yaani namba nne zinazowakilisha mzunguko kwa pamoja. Nayo ina mtego wake: kwatenioni na kinyume chake cha alama huwakilisha mzunguko uleule, na kihisi kinaweza kubadilisha alama kati ya fremu mbili. Kwa jicho hakuna kilichotokea, ila kichujio kinaona safari ndefu kupitia sifuri na bapa linapiga pindu. Kabla ya kuchuja, zidisha kwa nukta kwatenioni mpya na ile iliyotangulia. Jibu likiwa hasi, geuza alama zote nne za mpya. Ni mstari mmoja wa msimbo.

Kama hesabu ni safi, tazama mkono. Kiganja kikisimama wima kuelekea kamera, vidole hufichana na kamera huona ukingo tu. Programu hulazimika kukisia kama kiganja kinatazama upande huu au ule, na hubadili kisio katikati ya mwendo. Wakati mwingine hugeuza mkono wa kulia kuwa wa kushoto. Usimlazimishe mtumiaji afike huko. Zuia mzunguko wa mkono usizidi digrii 60 kila upande na uweke uwiano wa mzunguko 1.5, ili digrii 60 za mkono zitoe digrii 90 za bapa. Vilevile fuatilia katikati ya kiganja badala ya ncha ya kidole, kwa kuwa ncha ndiyo hujificha kwanza.

Mruko unaotokea kila mkono unapotoka kwenye eneo na kurudi ni kosa la hesabu: mfumo umeendelea kutumia nafasi ya rejea ya zamani. Mkono ukipotea hata kwa fremu chache, gandisha mkato. Ukirudi, chukua nafasi yake mpya kuwa sifuri.

Kihisi kinaupoteza mkono

Fungua picha ghafi ya infraredi kama programu ya kihisi inaruhusu, uitazame kwa macho yako. Hiyo peke yake hujibu nusu ya maswali. Leap Motion Controller, kihisi kidogo cha kufuatilia mikono, kwa mfano, ina kamera mbili na taa za infraredi za nanomita 850, na toleo lake la kwanza hufanya kazi vizuri hadi takriban sm 60 juu yake. Mwanga wa jua na taa za halojeni zina infraredi nyingi katika eneo hilohilo. Ukiona usuli mweupe uliofurika, funga pazia au geuza taa, wala usihangaike na programu. Taa za LED za chumba kwa kawaida hazisumbui.

Jeli ya ultrasaundi kwenye glavu hung'aa na kuvunja umbo la mkono kuwa madoa. Ifute. Rangi ya glavu unayoiona si rangi inayoonwa na kamera: glavu nyeusi inaweza kuwa nyeupe kwenye infraredi, na kinyume chake, kwa hiyo ijaribu chini ya kamera kabla ya kuikataa. Mfuko wa plastiki safi unaofunika kihisi ukiachwa legelege hurudisha mwanga wa taa zake moja kwa moja kwenye kamera. Uvute ukaze, ulale juu ya kioo bila mkunjo wala hewa.

Kamera ya kina ina umbali wa chini pia. Kinect ya kwanza, kamera ya kina ya Microsoft ya mwaka 2010, ilitarajia kitu kiwe kuanzia sm 80, na mtu aliyesimama kando ya kitanda alikuwa karibu mno. Kamera mbili zinazotupa ruwaza za mwanga chumba kimoja huharibiana.

Kihisi kilichofungwa mkononi kina tabia nyingine: jairoskopu (kipima mzunguko) huteleza taratibu, na kipima sumaku kinachopaswa kuisahihisha hupotoshwa na chuma cha kitanda. Bapa likizunguka lenyewe polepole kwa mwelekeo uleule kila mara, chanzo ni hicho. Zima kipima sumaku na usahihishe mwelekeo kila klachi inapokanyagwa.

Mkato unachelewa

Pima kabla ya kulalamika. Rekodi mkono na skrini pamoja kwa simu inayopiga fremu 240 kwa sekunde. Kila fremu ni milisekunde 4.2. Hesabu fremu kutoka mkono unapoanza kusogea hadi mkato unapoanza. Fremu 36 ni milisekunde 150, na hapo mtumiaji huanza kupita alama na kurudi, kupita na kurudi.

Namna mchelewo unavyobadilika hutaja chanzo. Unaongezeka dakika baada ya dakika? Kuna foleni: kihisi kinatuma haraka kuliko programu inavyokula. Chukua sampuli ya mwisho tu, zingine zitupe. Hubadiliki kamwe? Ni kichujio, au kasi ya kamera na skrini: kamera ya fremu 30 hula hadi milisekunde 33, skrini ya Hz 60 hula hadi 17. Unakua ujazo unapokuwa mkubwa? Basi ni uchoraji. Ujazo wa vokseli 256 kwa kila upande, baiti moja kila vokseli, ni MB 16.8. Wa 512 ni MB 134. Ukipandishwa upya kwenye kadi ya michoro kila mkono unaposogea, kompyuta nyingi hazitavumilia. Upandishe mara moja, kisha tuma matriksi ya bapa tu, yaani jedwali la namba 16 linaloeleza nafasi na mwelekeo wake.

Kushoto kumekuwa kulia

Hii ndiyo hitilafu inayoweza kumdhuru mgonjwa, nayo huingia kupitia marekebisho ya nia njema. Mtu anaona mkono ukienda kulia mkato unaenda kushoto. Anatafuta namba kwenye matriksi, anaweka alama ya kutoa, mwendo unakuwa sawa, anafurahi. Kama alama hiyo ameiweka upande wa mkono, amegeuza mwelekeo wa usukani tu na hakuna ubaya. Kama ameiweka kwenye matriksi ya ujazo au ya bapa, picha imekuwa ya kwenye kioo: figo ya kulia inaonekana kushoto, na kila kitu kingine kinaonekana cha kawaida.

Chanzo cha mkanganyiko wa mwanzo mara nyingi ni mifumo miwili ya mihimili. DICOM, kiwango cha faili za picha za tiba, huhesabu kuelekea kushoto, nyuma na kichwani mwa mgonjwa. 3D Slicer, programu ya kutazama picha hizo, huhesabu kuelekea kulia, mbele na kichwani. Kati ya hiyo miwili alama mbili hugeuka, na kugeuza alama mbili ni mzunguko wa digrii 180, jambo salama. Kugeuza moja au tatu ni kioo. Kwa hiyo piga hesabu ya ditaminanti (namba moja inayofichua kama kuna kioo) ya sehemu ya mzunguko ya kila matriksi, ukishagawanya kwanza kwa ukubwa wa vokseli. Ni lazima iwe +1. Ikiwa −1, simamisha kazi hadi uipate ilikogeukia.

Kwa mzunguko, kugeuza alama ya kijenzi kimoja cha kwatenioni hadi “ihisi vizuri” kutakupa mhimili mmoja sahihi na miwili iliyovurugika. Badilisha mfumo wa mihimili wote kwa pamoja: matriksi ya mabadiliko, mara mzunguko, mara kinyume cha matriksi hiyo.

Kisha thibitisha bila kutegemea hesabu. Tengeneza ujazo wa kubuni wenye fimbo tatu angavu zinazoanza kwenye pembe moja: ya mm 10 kuelekea kulia kwa mgonjwa, ya mm 20 kuelekea mbele, ya mm 30 kuelekea kichwani. Umbo hilo likigeuzwa kioo haliwezi kulingana na la awali kwa kuzungushwa kwa namna yoyote. Upitishe kwenye mnyororo mzima. Halafu fanya hivyo kwa probu halisi, yaani kifaa cha ultrasaundi kinachowekwa mwilini: gusa kwa kidole ukingo wenye alama ya probu, uone mwangaza unatokea upande gani wa picha.

Jambo moja halali hufanana na kosa hili. Bapa likizungushwa digrii 180 kwenye mhimili wake wima, unalitazama kutoka nyuma, na kulia kumekuwa kushoto kihalali. Ndiyo maana skrini isiyoonyesha alama ya mwelekeo wakati wote, inayozunguka pamoja na bapa, haifai kutumiwa kwa mgonjwa.

Ukizungusha, kiungo kinatoroka

Unatazama kibofu cha nyongo, unapinda mkono kidogo, kinaondoka kwenye skrini. Bapa linazungukia pembe au katikati ya ujazo, mbali na unachokitazama. Kwa umbali wa mm 60 kutoka kwenye egemeo, yaani nukta ambayo bapa linaizungukia, digrii 10 tu husogeza kitu zaidi ya mm 10. Weka egemeo katikati ya mkato unaoonekana pindi klachi inapokanyagwa, na lisihame hadi iachiliwe. Kwa hesabu: hamisha egemeo liwe sifuri, zungusha, rudisha. Ukipindua mpangilio huo wa kuzidisha, dalili itabaki ileile.

Mpe pia mtumiaji njia ya kufunga mzunguko. Hakuna anayeweza kusogeza mkono mm 50 mbele bila kuuinamisha hata kidogo.

Mduara unakuwa yai, au mkato ni wa ukungu

Kama fantomu (kifaa cha majaribio kinachoiga mwili) yenye tufe inaonekana kama yai, nafasi kati ya vokseli imedhaniwa sawa pande zote, au ujazo bado uko katika mfumo wa miale ya probu na haujabadilishwa kuwa gridi ya mstatili. Pima kipenyo pande tatu. Kama umetumia beseni la maji, kumbuka mashine huhesabu kwa kasi ya sauti ya mita 1540 kwa sekunde, huku maji ya joto la chumba yakiwa karibu na 1480. Kitu kilicho kwenye kina cha mm 50 kitaandikwa mm 52, na hilo si kosa la programu.

Ukungu kwenye mkato unaolala sambamba na uso wa probu ni wa kawaida. Mwale wa ultrasaundi ni mpana kwa upande kuliko kwa kina. Vivuli vya mbavu na gesi navyo hufuata mwelekeo wa mwale wa awali, kwa hiyo katika mkato uliopinda huonekana kama mashimo yasiyo na maana. Kingo zenye meno ya msumeno zinaonyesha kwamba kitu kilisogea wakati probu inafagia. Chukua ujazo upya. Uwiano na kichujio havitaleta taarifa ambayo haikurekodiwa.

Mkato unahama wakati wa kuachia

Umepata mkato ulioutafuta, unafungua vidole ili kuuacha hapo, na kitendo cha kufungua kinausogeza. Kiganja huhama milimita kadhaa vidole vinapoachana. Pedali ya mguuni huondoa tatizo kabisa, nayo ndiyo klachi tunayoipendekeza kwa yeyote anayefanya kazi akiwa amesimama mahali pamoja. Kama pedali haiwezekani, weka viwango viwili tofauti: shika kipimo cha kubana vidole (0 vikiwa wazi, 1 vikiwa vimebanwa) kikifika 0.8, achia kikishuka chini ya 0.5, na wakati wa kuachia rudisha mkato ulipokuwa milisekunde 200 kabla. Vipimo vya umbali na eneo vizimwe kabisa klachi ikiwa imeshikwa, ili pasiwe na mstari uliochorwa juu ya mkato ambao haupo tena.

Mkato unashuka polepole baada ya dakika mbili tatu

Hii hufanana na kuteleza kwa kihisi, ila huenda upande mmoja tu: chini. Egemeza kiwiko, urudie. Kushuka kukikoma, mkono ulikuwa umechoka. Sogeza kihisi kiwe mbele ya kiuno ili kiwiko kikae kwenye egemeo kwa digrii 90 na kiganja kielee sm 20 hadi 25 juu ya kioo chake, kisha punguza eneo la kazi litoshe mwendo wa kifundo cha mkono na kiganja peke yake.